Kushiba Si Kuvimbiwa

Fundi Magoti aliamka na hasira. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ingekuwa siku ambayo angeamka akicheka. Kazi yake ilikuwa kupanga vigae vya sakafuni. Alishinda amepiga magoti, na jina akalipata hapo. Asubuhi vigae vyake vilinyooka hata sisimizi akipita juu yake hakujua kimoja kimeishia wapi. Mchana, baada ya chakula, mambo yaliharibika.

Kazini walikula watu wanne kwenye sinia moja. Sinia lile halikuwa na huruma. Ukitafuna tonge moja, mwenzio ameshameza matatu. Ukienda kunywa maji, ukirudi umebakiziwa harufu. Kwa hiyo Magoti alijifunza kula mbio. Wenzake waliapa kwamba alimaliza wali kabla mvuke haujapata pa kutokea. Kisha alirudi kwenye vigae, akataka kuinama. Tumbo likakataa.

Siku hiyo msimamizi wa ujenzi aliingia kwenye ukumbi ambao Magoti alikuwa akiupanga vigae. Akaona mstari wa vigae umepinda.

"Asubuhi fundi, mchana mzigo!" alifoka. "Hii ni sakafu au mgongo wa ngamia?"

"Ni joto, bosi."

"Joto! Joto liko tumboni kwako! Ng'oa huu mstari. Kesho jioni nikikuta umepinda tena, ukumbi nampa fundi mwingine."

Magoti alifika nyumbani amefura. Mkewe alikuwa ameshapakua. Mama huyu alijua kupika, na alijua kwamba anajua. Ukiacha punje moja kwenye sahani yake, umemtukana yeye na mama yake aliyemfundisha.

"Ongeza, baba," alisema, akamwaga wali mwingine juu ya maharage.

"Sina njaa."

"Huna njaa, au chakula changu kibaya?"

"Nimesema sina njaa!"

"Sasa mbona unakula?"

"Kwa sababu nina hasira!" alijibu, mdomo umejaa.

Alikula wali. Alikula maharage. Alikula hata ukoko. Hasira ikabaki pale pale. Baada ya muda mfupi alikuwa ameshika tumbo, kiungulia kinamchoma kooni.

"Umenitilia nini humu?" aliguna.

"Mimi? Mkono uliokuwa unabeba matonge ni wa nani?"

Walipigizana kelele mpaka, kwa walivyosema majirani, kuku wa nyumba ya tatu wakahama. Mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Bi Sindano, muuguzi wa nyumba ya pili. Alikuwa bado na sare ya kazi.

"Nimesimama tangu alfajiri," alisema. "Nataka kulala. Anayekufa ni nani?"

"Mimi," alisema Magoti.

"Mimi," alisema mkewe, "kwa maneno yake."

Bi Sindano akaitazama sahani tupu. "Amekula kwa muda gani?"

"Dada, huyu hali. Huyu anapakia lori."

Muuguzi alivuta kiti, akakaa.

"Sikiliza, kaka. Chakula kikiingia tumboni, habari hupelekwa kwenye ubongo: tumepata, inatosha. Habari hiyo haifiki papo hapo. Inaweza kuchukua kama dakika ishirini. Wewe inakukuta umeshamaliza sahani ya pili."

"Kwa hiyo nihesabu punje?"

"Tafuna! Meno uliwekewa ya nini, ya kuchekea? Na hata kucheka hucheki. Kula taratibu. Ukifika katikati, simama ujiulize: bado nina njaa? Njaa ikiisha, hata utamu unapungua. Unaweza kuinama ukafunga kamba za viatu bila kuguna. Hapo umeshiba. Acha. Ukingoja mpaka mkanda ulie, huko si kushiba. Huko ni kuvimbiwa."

"Na hizo hasira zake?" mkewe aliuliza.

"Hasira haishibi, hata uipe sufuria nzima. Kaka, ukikasirika, tembea kidogo. Sema kilichokukera. Kama ni njaa, itakungoja." Kisha akamgeukia mama. "Nawe dada, pakua kidogo. Akitaka zaidi ataomba. Kikibaki, kifunike ukihifadhi vizuri. Wali uliobaki haujakutukana."

Mkewe alinuna mdomo ukafika puani.

"Na maumivu yakiendelea hata ukila vizuri, njoo kliniki upimwe," Bi Sindano alisema mlangoni. "Si kila tumbo linaumwa kwa kula. Haya. Atakayepiga kelele tena namchoma sindano, na dawa sitii."

Magoti alifunga mlango. Kisha akamweleza mkewe habari ya ukumbi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ndiyo unasema?" alifoka. "Umemwambia wali kwanza, mimi baadaye!"

Kesho yake kazini, Magoti alichota sehemu yake akaiweka kwenye sahani kabla sinia halijawekwa chini.

"Bwana harusi huyo!" mmoja alicheka.

"Ametengewa kama mgonjwa," mwingine akadakia.

Damu ilimchemka. Mkono ulitaka kukimbia. Akatafuna. Wenzake walilisafisha sinia yeye hajafika nusu. Alipofika nusu akatua, akajiuliza kama alivyoagizwa. Tumbo likamjibu: bado kidogo. Akashangaa. Kumbe miaka yote lilikuwa linajua kusema! Akala taratibu, akauliza tena. Likajibu: basi.

Kwenye sahani yalibaki matonge kadhaa. Kuyaacha kulimuuma kama kuibiwa. Alisaga meno, akaisukuma sahani kando, akainuka. Aliinuka mwenyewe, bila kushika ukuta.

Jioni msimamizi alikuja na pimamaji yake, kifaa cha kupimia unyoofu. Akaiweka huku, akaiweka kule. Alitafuta kosa kwa bidii, kama mtu aliyelipangia sherehe. Hakulipata.

"Nani amekusaidia?" aliuliza kwa ukali.

"Hakuna, bosi. Nilikula, nikashiba, nikaacha."

Msimamizi alimkodolea macho. "Ukumbi ni wako. Kesho uanze na ngazi."

Kisha akageuka kutafuta mtu mwingine wa kumkaripia. Hakwenda mbali. Wale wenzake watatu wa sinia walikuwa wamelala chali juu ya mifuko ya saruji, wameshika matumbo, wanagombana nani alimaliza yale matonge ya Magoti.