Maputo Hayapunguzi Mzigo

"Shayla hatoki na hilo gari!" nilipiga kelele. "Baba, unataka kumuua dada?"

"We Colby, shusha sauti ndani ya nyumba yangu!" Baba akagonga meza, kahawa ikamwagika. "Shule umemaliza juzi, leo unanifundisha kuvuta trela?"

"Jana dada alipoendesha, umesahau? Usukani ulikuwa mwepesi, pikapu inaelea. Tukaingia upande wa magari yanayokuja!"

"Ule ulikuwa upepo. Oklahoma hii upepo umeujua leo?"

Anko Royce, kaka yake Mama, akacheka. "Achana naye, shemeji. Gari limekaa sawa kama meza. Kwa maputo yale hata nyumba unavuta."

Baba naye akacheka. Nilitamani kumrushia Anko kikombe. Huyo ndiye chanzo. Kwetu huku mkia wa pikapu ukishuka, wanaume hawakuachi. Pale duka la chakula cha mifugo, Royce alimwambia Baba mbele ya watu, "Gari lako linachuchumaa kama kuku anayetaga." Baba akaona aibu, akafunga maputo ya hewa. Ni mipira miwili minene, inakaa nyuma kati ya ekseli na chasisi. Ukiijaza upepo, mkia unainuka.

Hapo sina ugomvi. Ila mkia ulipoinuka, Baba akaanza kupakia. Tangi la maji, limejaa. Marobota ya majani. Na nyuma, trela ya farasi wawili. Jumamosi Shayla aiendeshe yote hiyo hadi mashindano ya kuzunguka mapipa kwa farasi!

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Bi Ardith, jirani yetu anayevuta ng'ombe kwa trela kupeleka mnadani, akaingia bila hodi.

"Nawasikia mpaka zizini kwangu," akasema. "Verlon, toka nje."

Baba akatoka amenuna. Tukamfuata.

"Maputo yanainua mkia," Bi Ardith akasema. "Haya, uzito yanaupeleka wapi?"

"Si yanaubeba?"

"Hayaupunguzi hata kidogo! Ekseli ni ileile, matairi yaleyale, breki zilezile. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko."

Baba akasoma kwa shida, kwa hasira. "Watu na mizigo visizidi ratili 1,500."

"Trela inavyokandamiza ndoana ya kuvutia, huo nao ni mzigo. Uliuhesabu?"

"Hakuna anayehesabu huo, dada yangu."

"Ndiyo maana mnaokotwa mitaroni! Twende mizanini."

Mizani ya ghala la ngano iko karibu. Bi Ardith akatupimia ekseli ya mbele, kwanza na trela, kisha tukaifungua, akapima bila trela. Na trela, mbele palikuwa pepesi zaidi. Pepesi sana.

"Umeona?" akamwambia Baba. "Ndoana ikikandamizwa nyuma, pua inanyanyuka. Na matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayoshika breki. Maputo yanakunyooshea mkia tu, uzito wa mbele hayarudishi. Umeficha ugonjwa, ukasema umepona."

Baba akalipiga tairi teke. Shingo ilikuwa imemwiva nyekundu.

"Sasa nifanyeje?" akauliza mwishowe, kama anatema mchanga.

"Mwaga maji, kule mashindanoni yapo. Majani chukua ya siku moja. Kila ratili kumi za trela, moja hadi moja na nusu ikae kwenye ndoana. Ikizidi, pua inanyanyuka. Ikipungua, trela inayumba. Halafu funga ndoana yenye vyuma vya pembeni, ile inayosukuma uzito urudi mbele. Soma kitabu chake kwanza, na uhakikishe chuma cha gari inapochomekwa kinairuhusu."

"Na maputo?" nikauliza.

"Yabaki. Jaza kiasi tu, mkia ukae vizuri. Usizidishe kipimo kilichoandikwa. Ukishusha mzigo, punguza upepo. Lakini usiyaache matupu, yatakunjana na kupasuka."

Tukamwaga maji. Baba akanunua ndoana hiyo, akaifunga akitukana kila boliti. Tukarudi mizanini mpaka hesabu zikakaa chini ya kibandiko, na uzito wa mbele ukarudi.

Jumamosi nilikaa pembeni ya Shayla. Lori kubwa likatupita kwa kasi, upepo ukatupiga ubavuni. Nikashika dashibodi. Pikapu haikuyumba.

"Leo gari linanisikia," Shayla akasema. "Wiki nzima nilikuwa naogopa, nikashindwa kumwambia Baba."

Tulifika salama, farasi na watu.

Jumatatu Anko Royce akaja jikoni, akajimiminia kahawa yetu. "Shemeji, niazime pikapu nivute trekta langu."

"Trekta lako ni zito mno kwa pikapu yangu," Baba akasema.

"Si una maputo?"

"Maputo hayapunguzi mzigo."

"Ah! Mwanamke kakutisha, na wewe umetishika?"

Baba akasimama, kiti kikaanguka. "Mwanangu alikuwa anaendesha lile gari, Royce! Mwanangu! Wewe ukacheka hapa, mezani kwangu. Mimi nikacheka na wewe."

Royce akafungua mdomo. Baba hakumsubiri. Akavaa kofia, akatoka, akafunga mlango.