Mazoezi ya Mpakani

Aliye karibu na mlango aurudishe, maana hii si ya kusikiliza mgongo ukiwa wazi.

Ilianzia kwenye kioo cha gari. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa uani, halijaenda popote, na ndani walikaa watu wawili, mama mbele na binti yake nyuma, madirisha yamefungwa, jasho linawatoka. Binti, ambaye ni nesi, aliona kioo cha upande wa pili wa kiti chake kikiingia mvuke, kiduara kidogo usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa. Kikafutika. Kikarudi. Upande ule hapakuwa na mtu, palikuwa na mto tu. Akajisemea ni joto.

Mtauliza watu wazima na akili zao wanafanya nini ndani ya gari lisiloenda. Basi ni hivi. Baba wa nyumba ile aliendesha malori miaka thelathini, na watu wote walimwita Breki. Alishastaafu, mgongo umegoma. Lakini mkewe, fundi cherehani, alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa mbali, nchi ya tano ukihesabu na ya kwao. Miaka ishirini na miwili hawajaonana. Sasa macho ya dada yalikuwa yanazimika. Moja limekwisha, na daktari alisema la pili halimalizi mwaka. Akapiga simu. "Mdogo wangu, njoo nikuone ningali naona." Tangu siku hiyo fundi hakushona mshono ukanyooka.

Breki alikuwa ameapa zamani kwamba hapandi chombo asichokishika usukani, kwa hiyo habari ya ndege haikuzungumzwa. Aligeuza kalenda ya mwaka jana akachora njia nyuma yake: siku sita, mipaka minne, wapi dizeli ni safi, wapi mtu hasimami hata kujisaidia. Akahangaikia viza, bima, kadi za chanjo, hati ya gari, tairi mbili za akiba. Kilichobaki, alisema, ni midomo yenu. Aliwahi kuona familia nzima ikirudishwa mpakani kwa sababu baba kasema hili na mtoto kasema lile. Basi kila alasiri aliwapakia garini, akashuka, akavaa kofia yake ya zamani, akagonga kioo, akawa afisa. Mnatoka wapi, mnakwenda kwa nani, mmebeba nini. Fundi alimjibu kwamba mzigo mkubwa ni mume, afande, tena hauna risiti, na nesi akawa hana mbavu huko nyuma.

Siku ya nne Breki akagonga, akauliza, "Mko wangapi?"

"Watatu, pamoja na dereva," fundi akasema.

"Wanne," ikasema sauti ya nyuma.

Ilikuwa sauti ya chini, yenye adabu. Breki akavua kofia akamwambia binti yake kwamba mpakani hakuna mzaha, neno kama hilo mnalala mahabusu. Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu mto wa pembeni yake ulikuwa umebonyea, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilikuwa imemjaa puani.

Gari likafungwa, ufunguo ukawekwa kabatini. Lakini gari likaendelea na mazoezi peke yake. Fundi akiwa kwenye cherehani mchana kweupe, dirisha linatazama uani, alisikia kioo kikigongwa mara tatu, kisha sauti ya mumewe ikiuliza mnatoka wapi, mnakwenda kwa nani, na mumewe yuko chumbani anakoroma. Akakanyaga pedali kwa nguvu ili asisikie, nayo sauti ikamsubiri amalize upindo, ikaanza tena, taratibu, kama mtu anayekariri somo alilolipenda, hata siku moja ikauliza huyo dada anaitwa nani, swali ambalo Breki hakuwahi kuliuliza, na fundi akajikuta amefungua mdomo, jina liko ncha ya ulimi, isipokuwa sindano ilimchoma kidole akapiga ukelele badala ya kujibu.

Breki akataka gari liuzwe siku hiyohiyo.

"Uza," fundi akamwambia. "Ila ujue umeuza macho ya dada yangu."

Nesi ndiye aliyemleta mganga, mama mwembamba mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Alilizunguka gari, akanusa tundu la ufunguo, akaingia akakaa peke yake, akatoka anajifuta mikono. Akawaeleza kwamba mpaka wa kuigiza hauna mwenyewe. Siku zote hizo mmekaa hapa mnauliza nani anavuka, na aliyekuwa anapita zake akadhani anaalikwa, akapanga foleni. Dawa ni afisa kuuliza mara ya mwisho, walio hai wajihesabu, kisha asiyehesabiwa aamriwe kushuka.

"Atawasemesha," akasema. "Atatafuta sauti mnayoitamani. Msimjibu hata kwa kuguna. Atakayemjibu amempa safari yake."

Mama na binti wakakaa garini. Breki akagonga kioo, akauliza mko wangapi. Nesi akasema mimi wa kwanza, fundi akasema mimi wa pili, Breki akajitaja wa tatu, na palepale majivu yakanuka, kiti cha nyuma kikalia, kitu kikasogea mbele polepole mpaka pumzi yake ikagusa shingo ya fundi, chini kidogo ya sikio, na ile iliyosema haikuwa sauti ya jini wala ya mumewe, ilikuwa sauti iliyombeba mgongoni utotoni.

"Mdogo wangu, ni wewe? Umefika? Mbona sikuoni?"

Nje Breki alikuwa anapaza sauti, asiye na hati ashuke. Ndani midomo ya fundi ikacheza bila yeye kuituma, kwa mnong'ono ambao hata binti yake hakuusikia.

"Nimefika, dada."

Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa polepole, kwa heshima. Harufu ikaisha. Mganga akatega sikio kitambo, akasema ameondoka, kisha akauliza kama kuna aliyejibu. Fundi akawaza: nikisema, hakuna safari. Akatikisa kichwa.

Jioni wakapakia mizigo, waondoke alfajiri. Fundi akaingia ndani kumpigia dada yake, amwambie siku sita tu, avumilie. Dada alipokea huku anacheka.

"Wewe na utani wako. Unanipigia simu ya nini, na umekaa hapa umenishika mkono?"

Fundi akaibana simu sikioni.

"Ila una mikono ya baridi, mdogo wangu. Na mbona hukupiga hodi?"

"Dada," fundi akasema. "Mwachie huyo mkono. Toka hapo."

Huko mbali, nyuma ya pumzi za dada yake, akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ile anayobembelezea watoto wa wateja.

"Kata simu, dada. Njoo ulale nikufumbe macho."

Simu ikakatika.

Breki alikuwa juu ya gari anafunga madumu ya dizeli kwa kamba. Alimwona mkewe amesimama mlangoni bila viatu, simu mkononi, akamuuliza dada amesemaje, amefurahi?