Shika, Achia

Sogeeni, watoto, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele. Leo tunatengeneza breki.

Huyu ni Nanzia. Anakaa Usangi, juu milimani. Anakaa na Mama yake na Bibi yake.

Lakini Bibi hayupo nyumbani. Ameshuka mjini Mwanga, kutibiwa macho.

Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. "Sogea nikupapase," alikuwa akisema. Anapapasa pua, anapapasa mashavu. "Ee! Huyu Nanzia."

Leo Bibi amefunguliwa bandeji. Leo wanaenda kumchukua.

Nanzia alitaka kujua jambo moja tu. Je, Bibi ataniona?

Gari lao ni dogo, lina rangi ya kunde. Kwa hiyo jina lake ni Kunde.

Mama akawasha gari. Vruuum! Wakafika kwenye kona ya kanisa.

Kriii! Kriii! Kunde akalia. Kisha akanuka kama ugali ulioungua.

Mama akasimamisha gari, akashuka. Akasogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele. "Lo! Lina moto. Breki imeshika."

"Si vizuri, Mama?" akauliza Nanzia. "Kazi ya breki si kushika?"

"Kushika na kuachia, mwanangu. Hii imeshika, haitaki kuachia. Hatushuki mlima na breki mbovu."

"Na Bibi?"

"Bibi atangoja. Jua likizama hatujafika, atalala hukohuko."

Nanzia akasikia machozi yanakuja. Alitaka Bibi arudi leo. Kesho ni mbali mno.

*Shika, achia!*
*Shika, achia!*
*Breki nzuri inajua yote mawili.*

Wakarudi nyumbani taratibu. Bahati nzuri, Mama ni mtu wa spana. Wengine hubeba kioo mkobani. Mama hubeba spana.

"Fungua sasa hivi, Mama!"

"Chuma bado kina moto. Haraka haraka?"

"Haina baraka," akajibu Nanzia, huku amenuna.

Gurudumu likapoa. Mama akaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine. Akainua gari kwa jeki. Kwi, kwi, kwi! Chini yake akaweka stendi ya chuma.

"Usiingie chini ya gari."

"Siingii."

Mama akafungua nati, moja moja. Nanzia akazipokea, akazifuta kwa kitambaa. Akazitia kwenye bakuli. Ting! Ting! Ting!

Gurudumu likatoka. Nyuma yake kuna sahani ya chuma. Hiyo inaitwa diski.

Na diski imekumbatiwa na kitu kizito. Hicho kinaitwa kalipa. Kalipa ni kama mkono. Ikibana diski, gari linasimama.

Lakini kalipa ya Kunde, jamani! Vumbi jeusi! Tope kavu! Kutu!

"Ungekuwa mkono wako," akasema Mama, "usingekula nao."

Mama akaifungua kalipa. Akaitundika kwa waya, ili isivute mpira wake wa mafuta. Akajifunga kitambaa puani. Vumbi la breki si la kuvuta.

"Kaa mbali kidogo, Nanzia."

Nanzia akakaa juu ya ndoo, na bakuli lake la nati.

Kwaru, kwaru, kwaru! Mama akasugua kwa brashi. Akafuta kwa kitambaa chenye maji.

"Kalipa inateleza kwenye pini mbili," akasema Mama. Akavuta ya kwanza. Ikateleza vizuri.

Akavuta ya pili. Haikutoka. Akavuta tena. Ng'o! Akavuta mpaka akatoa ulimi.

Pwaa! Ikatoka. Ilikuwa kavu, imejaa kutu.

"Mchawi wetu huyu hapa," akasema Mama.

Akaisugua kwa msasa. Akaifuta. Akaipaka grisi, kidogo tu.

"Na diski tuipake grisi?" akauliza Nanzia.

"Thubutu! Diski ikiwa na grisi, hatusimami mpaka Mwanga!"

Nanzia akacheka, ingawa hakupanga kucheka.

*Shika, achia!*
*Shika, achia!*
*Breki nzuri inajua yote mawili.*

Kalipa ikarudi mahali pake. Mama akaikaza vizuri.

"Sasa nataka msaidizi," akasema. "Ingia kwenye usukani. Nikisema shika, kanyaga breki. Nikisema achia, achia."

Nanzia akaingia mbio. Lakini miguu yake ilikuwa mifupi. Basi akasimama juu ya pedali ya breki, kwa miguu yote miwili. Mikono ikashika usukani.

"Shika!" akasema Mama.

Nanzia akashika. Mama akajaribu kuzungusha diski. Haikuzunguka. Safi!

"Achia!"

Nanzia akaachia. Mama akazungusha diski. Haikuzunguka.

"Mh! Mbona bado imeshika?"

Mama akafungua kalipa tena. Akatazama pini. Zinateleza. Akatazama kila mahali. Kote ni safi. Akaifunga tena.

"Shika!"

Nanzia akashika.

"Achia!"

Nanzia akaachia. Safari hii aliachia kabisa, hata vidole akavitanua.

Diski haikuzunguka.

Mama akakaa chini, akapangusa jasho. Jua lilikuwa linateremka.

"Basi, Nanzia. Nimeshindwa. Ngoja nimpigie Bibi simu, alale huko."

Nanzia akainamisha kichwa.

Akatazama mikono yake. Mikono ilikuwa juu, hewani. Imeachia usukani.

Akatazama miguu yake. Miguu ilikuwa wapi? Juu ya breki! Yote miwili!

"Mama! Usipige simu! Mikono imeachia, miguu haijaachia!"

Nanzia akaruka kutoka kwenye pedali. Pu!

Mama akazungusha diski. Suuuuu! Ikazunguka laini kabisa.

Mama akacheka. Akacheka mpaka spana ikamdondoka. "Kosa ni langu, mwanangu. Nilisema achia. Sikusema achia nini!"

Gurudumu likarudi. Nati zikarudi. Mama akazikaza kwa nguvu. Akajaribu breki uani, mbele na nyuma. Halafu wakaondoka.

Mlima una kona nyingi. Kona hii, shika. Kona imeisha, achia. Kona ile, shika. Achia.

Hakuna kriii. Hakuna harufu ya ugali ulioungua.

Walipofika Mwanga, jua lilikuwa bado lipo. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa miwani nyeusi.

Nanzia akakimbia. Kisha akasimama, mbali kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Bibi hakunyoosha mkono kumpapasa. Aliinua miwani yake kidogo. Akatazama. Akatazama sana.

"Nanzia," akasema Bibi, "hilo doa jeusi sikioni mwako ni la nini?"

Nanzia akashika sikio. Masizi ya breki! Mama hakuwa ameyaona. Nanzia mwenyewe hakujua kama yapo.

Bibi ndiye aliyeyaona!

"Mama, Bibi ameniona! Ameliona sikio langu!" Nanzia akamrukia Bibi shingoni.

Usiku ule, walipofika nyumbani, Nanzia alioga kwa maji ya moto. Bibi akamsugua sikio mpaka likang'aa.

Kisha wakalala kitanda kimoja, kama zamani. Mama akapunguza mwanga wa taa.

"Bibi," akasema Nanzia, na macho yake yanajifumba, "na sasa hivi unaniona?"

"Nakuona," akasema Bibi. "Wewe lala. Mimi bado nakutazama."