Sahani Zilizooshwa

Kila Jumatatu ilikuwa zamu ya Mwanaima kufagia darasa la sita kabla ya kengele. Asubuhi moja, mwaka wa pili wa Uhuru, aliona kwa mara ya kwanza, juu ya ukuta wa nyuma wa shule yao ya Mwabungo, sahani tatu zenye mafuta na vumbi. Kwao, chombo kichafu kikilala nje ni fedheha ya nyumba nzima. Akazisugua kwa majivu mpaka zikang'aa, akazirudisha.

Kipindi cha kwanza, Mwalimu Jefwa alieleza kwamba sahani zile zilipakwa mafuta na kutegwa wiki mbili, mwanafunzi mwenzao Iddi akizilinda, ili zinase chembe ziletwazo na upepo wa baharini. Baadhi ya chembe hizo, alisema, hupanda hadi mawingu ya juu kwenye baridi kali, na matone ya maji hugandia juu yake yakawa barafu. Barafu ikikua huanguka, ikayeyuka njiani, nasi tukapata mvua. Kesho yake angezipeleka kwa mtaalamu wa hali ya hewa, Mombasa.

Uso wa Mwanaima uliwaka kwa haya. Wakati wa mapumziko alizipaka mafuta ya nazi, akazinyunyizia taka alizofagia darasani.

Alasiri mwalimu alizitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha akauliza ni bahari gani yenye unga wa chaki.

"Labda samaki nao wameanza shule, mwalimu," alisema Iddi, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alimwambia Iddi kwamba mlinzi ni yeye, na kuanzia siku ile hatampa tena amana yoyote. Iddi akainama.

Mwanaima alisimama. "Ni mimi, mwalimu. Niliziosha nikidhani ni uchafu. Nilipojua, niliona haya, nikatia taka."

Alitarajia fimbo. Badala yake aliamriwa amwombe Iddi radhi mbele ya wote, na hilo lilimchoma kuliko fimbo. Mtaalamu aliandikiwa barua asubiri. Sahani zikategwa upya, walinzi wakiwa wawili.

"Kuosha ulikosea kwa kutojua, na hilo nimekusamehe papo hapo," mwalimu alimwambia. "Lakini zile taka, mtaalamu angezisoma akadhani ndiyo hewa ya bahari yetu, na mwenzako angebeba aibu isiyo yake. Usilolijua, mwanangu, uliza. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijapata mtu mwingine wa kumwangukia."

"Nimesikia, mwalimu," alijibu Mwanaima, macho chini.