Antoinette Anaomba Vitabu

Kila Jumamosi Stéphanie alipika maharage, akayafunga, akatoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda jijini Lilongwe kumwona dada yake mkubwa gerezani. Antoinette alifungwa miaka mitatu. Alikuwa amenunua vitambaa sokoni Kawale bila kujua kwamba viliibwa.

Kwao Bukavu, Antoinette alisomea ualimu chuoni. Sasa alikuwa amekonda. Kichwa kilimuuma, hakulala, wala hakutaka kuzungumza.

"Yaya, kula kidogo," Stéphanie alimsihi dada yake.

"Nikule juu ya nini, kwa faida gani? Hapa hakuna kesho."

Stéphanie alirudi akilia. Jirani yake, Mulenda, mwalimu wa zamani, alimsikiliza hadi mwisho.

"Akili yake inakufa njaa," alisema. "Kuna chuo cha kusoma kwa posta. Wanatuma masomo, mwanafunzi anajibu, wanasahihisha. Mufungwa naye anaweza kusoma."

Jumamosi iliyofuata Stéphanie alimweleza Antoinette, naye akakubali. Wakajaza fomu, na vitabu vikafika. Lakini Stéphanie alipovipeleka gerezani, askari wa mlangoni alivisukuma pembeni.

"Vitabu ni vya wanaume. Wanawake wanashona."

Ng'ambo ya ukuta, wanaume walisikika wakisoma pamoja na mwalimu wao. Stéphanie alimgeukia askari kwa hasira.

"Jaji alisema miaka mitatu," alimwambia. "Alisema pia asisome? Nionyeshe hiyo karatasi."

Askari hakuwa na karatasi. Jumatatu Stéphanie na Mulenda walikwenda kwa mkuu wa gereza. Mkuu alifungua kitabu cha sheria, akakisoma kimya.

"Hakuna sheria inayokataza," alikiri. "Ila hakuna mwanamke aliyewahi kuomba."

"Na wanaume, wao waliomba? Ni ninyi mliwaletea mwalimu," Stéphanie alisema.

Mkuu alichukua karatasi, akaandika ruhusa ya vitabu. Alitia sahihi.

Baada ya miezi miwili, Antoinette alikula maharage yote huku akieleza somo la malezi ya watoto. Kichwa kiliacha kumuuma. Usiku alipata usingizi. Jioni aliwafundisha wenzake herufi, na ugomvi wa kila siku ukapungua. Mfungwa mmoja, mama wa mtaa wa Area 25 aliyekuwa hajui kusoma, aliwaandikia wanawe barua kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimefaulu mtihani wa kwanza," Antoinette alisema siku moja. "Nikitoka, minarudia kufundisha."

Stéphanie alifurahi, lakini hasira haikumtoka.

"Miezi nane ulikaa bure bila vitabu, Yaya. Kumbe ilihitaji sahihi moja tu."

"Njo vile, ni kweli," Antoinette alijibu. "Lete fomu ingine tano. Kuna bamama batano banangojea."