Maji ya Shimo la Kasulo

Mpira wa kuchungulia tumbo ulinuka udongo mbichi. Micheline, muuguzi aliyeuosha kila asubuhi katika kliniki moja ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi, aliunusa mara mbili, akauanika. Bomba lilikuwa limekauka wiki nzima, dawa ya kuua vijidudu imekwisha, naye badala ya kumwambia daktari alikuwa akichota maji kwenye shimo la machimbo nyuma ya kliniki, walimofukiwa wachimbaji saba wa kobalti. Kolwezi nzima inajua kwamba mwanamke hakaribii shimo la machimbo, asije akawaamsha waliofia humo. Micheline alijua pia, akajifanya hamnazo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tata Muteba, mzee wa jirani, alipimwa kwa mpira ule Jumatatu. Jumatano alirudi akitetemeka kwa homa, Alhamisi asubuhi akafa. Daktari alisema uchafu umeingia kwenye damu. Lakini Micheline, aliyemshika kifua, alisikia humo ndani chuma kikigonga jiwe.

Na Jumanne mpira uleule ulikuwa umeingia tumboni mwa mama yake, Mianda.

Adhuhuri ya Alhamisi ile Micheline alikimbilia nyumbani, akamkuta mama amejikunja kitandani, jasho likinuka udongo uleule, na kadiri alivyomsogelea ndivyo chuma kilivyozidi kugonga, mbavuni, shingoni, kwenye mshipa wa mkono, hadi akatamani kuziba masikio na kukimbia, ila huyu alikuwa mama yake na hakuwa na mwingine.

"Mama," alinong'ona, "unanisikia?"

Sauti iliyomjibu ilikuwa ya mwanamume. "Mama yako analala. Shiye tuko tunatumika, tunachimba."

"Mutoke mu damu yake. Tafazali."

"Mule chini kuko baridi. Ni weye ulituchota, na mikono ya mwanamuke. Mumoja alienda na Muteba, tunabakia sita. Utuletee bantu sita, kila mumoja wetu na wake, tutamuacha."

"Bantu gani?"

"Bale banakuyaka ku kliniki na maumivu ya tumbo."

Mianda alifumbua macho. "Micheline, ni nani iko anasema mu kinywa yangu?"

Binti yake alimfuta jasho, akamfunika shuka.

Ijumaa daktari alileta dumu la dawa mpya ya kuua vijidudu, akamwagiza Micheline aloweke mpira kabla ya mgonjwa wa kwanza. "Ndiyo, dokta," alisema. Mgonjwa huyo alikuwa Shekina, mwalimu mpole aliyemsalimia kwa jina. Micheline alimchukia palepale kwa sababu hakuwa mama yake. Kisha akaliacha dumu, akabeba ndoo, akaenda nyuma kwenye shimo.

Jioni homa ya Mianda ilipungua, akaomba bukari, ugali wa kwao. Micheline alimlisha kwa mkono wake, huku akimwomba Mungu kesho wagonjwa wawe wengi.