Pochi Inayoita Mwizi

Waliokuwa wakimpiga yule mwanamume hawakumuuliza kitu. Walisikia "Mwizi! Mwizi! Mwizi!" ikitoka kwenye mfuko wa suruali yake, basi hiyo ikawatosha. Ilikuwa saa sita mchana, soko la vipuri limefurika. Msusi alitoka mbio saluni kwake, aproni ya maua kiunoni, kitana cha moto mkononi, akamkuta mtu amelala chini anakanyagwa mbavu, meno yamejaa damu, na ile sauti bado inaita.

Akajipenyeza hadi katikati, akakipunga kitana usoni mwa aliyekuwa karibu.

"Anayetaka alama ya shavuni asogee!"

"Dada, huyu mwizi!"

"Kamwibia nani? Aliyeibiwa yuko wapi?"

Wakatazamana. Hakuwepo. Aliyelala chini akainua kidole kimoja.

"Ni pochi yangu," akasema kwa taabu. "Nimeiunda mwenyewe. Ikitoka kwa mwenyewe inaita mwizi. Leo imegoma kunitambua."

Watu wakatawanyika kimyakimya, mmoja akaondoka na kiatu cha aliyepigwa.

Mtaani walimwita Waya. Alikuwa fundi wa redio, lakini mapenzi yake yalikuwa kuunda vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza: kofia yenye feni, mwavuli unaoimba ukilowa, kijiko kinachokataa sukari ya tatu. Msusi alimwosha damu kwenye beseni la kuoshea nywele, huku akimgombeza.

"Wewe una akili timamu kweli?"

"Nilikuwa nazo asubuhi."

Msusi akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka kwa muda mrefu. Jioni simu yake ikaita, ni Waya.

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Imeandikwa juu ya mlango wako, mpenzi. Herufi kubwa, rangi nyekundu."

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani. Mteja wako. Nataka kusuka."

"Una upara!"

"Ndiyo maana nitahitaji kuja mara nyingi."

Wakapendana hivyo, kwa utani na simu ndefu. Msusi akamweleza na yale asiyomweleza mtu: mume aliyeachana naye alimvunja taya, na kila alipohamia alimfuata, kwa kuwa alikuwa ameweka programu ya siri ndani ya simu yake, akiona kila anakokwenda. Wiki iliyofuata Waya akamletea kibanio cha nywele, chekundu, kina kitufe ubavuni.

"Ukibonyeza, simu yangu inalia. Nitakuja hata kama sijavaa shati."

Msusi alikivaa kila siku. Hadi mchana mmoja Waya alipopiga simu.

"Vipi huko mahakamani, kipenzi? Umekaa sana."

Msusi alikuwa kwenye benchi la mahakama, amekwenda kuomba amri ya kumzuia yule mume wa zamani. Hakuwa amemwambia mtu. Akasimama.

"Umejuaje niko mahakamani?"

Upande wa pili, koleo likaanguka mezani.

"Waya. Umejuaje?"

"Kibanio kinanionyesha ulipo. Nilitaka tu uwe salama..."

"Na yeye alisema hivyohivyo."

Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Waya, akachukua nyundo mezani, akakiponda kibanio hadi vipande vikamrukia Waya kifuani. Kisha akaiponda redio iliyokuwa karibu. Waya hakumzuia, hakujitetea. Miezi miwili wakapishana barabarani kama wasiojuana.

Mume wa zamani alikuja saluni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na nondo ya chuma mkononi. Hakusalimu. Kioo cha kwanza kikamwagika, cha pili, cha tatu. Wateja wakakimbia na povu vichwani. Msusi alikinga kichwa, nondo ikatua mkononi, akausikia mfupa ukilia kama kijiti kinachovunjika. Akaanguka. Akapigwa teke la tumbo, akatambaa juu ya vioo, viganja vikachanika.

Dada yake, aliyekuwa akisuka naye palepale, alikuwa amejificha nyuma ya pazia anapiga simu. "Shemeji, njoo! Anamuua!"

Waya aliingia mikono mitupu. Akaidaka nondo ikiwa njiani. Vidole vyake vikavunjika, lakini hakuiachia. Wakaanguka wote wawili, mume wa zamani juu, akimng'ata sikio, akimgonga kichwa sakafuni. Msusi akasimama. Kwa mkono uliobaki akainua stuli ya chuma, akamshushia yule mtu gotini, akarudia, hadi kelele zikawa za mtu huyo na si zake tena. Polisi walimkuta mume wa zamani anatambaa kuelekea mlangoni, wakamfunga pingu.

Hospitalini, wakakaa benchi moja wakisubiri, msusi amepakata mkono, Waya amefungwa shuka vidoleni.

"Sijakusamehe," msusi akasema.

"Najua."

"Ungeniuliza tu. Pengine ningekubali."

"Niliogopa ungekataa."

"Basi ndiyo kosa lenyewe hilo."

Waya akainamisha kichwa, akalia bila kujificha, kamasi na damu pamoja. Msusi akamtazama sana.

"Utaweza kuishi na mtu usiyejua yuko wapi?"

"Nitaogopa."

"Ogopa. Halafu?"

"Nitasubiri urudi. Ukitaka kuniambia, utaniambia."

Msusi akamwegemea begani, taratibu, upande usiouma. "Basi nioe."

Waya akatikisa kichwa kukubali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nani anaanza?" muuguzi akauliza mlangoni.

Kila mmoja akamwonyesha mwenzake.